Konrodi Yenye Kijiko

Ukiingia karakana yangu hapa Nyakato, Mwanza, juu ya mashine ya kutobolea kuna msumari, na kwenye msumari huo inaning'inia konrodi moja ya zamani, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, shafti inayozunguka chini ya injini. Wateja wengi hudhani ni ya trekta. Wanaojua mashine huishusha, wakaigeuza, kisha wakauliza lile lile nililomuuliza mjomba wangu mwaka 1993: mbona huku chini ina kijiko?

Kijiko chenyewe si kikubwa. Ni ulimi mfupi wa chuma uliotokeza kwenye kifuniko cha chini, pale konrodi inapokumbatia krenki. Ukikitazama haraka utasema ni chuma kilichosahaulika kukatwa kiwandani. Nimekaa na konrodi hiyo zaidi ya miaka thelathini, na karibu miaka ishirini ya mwanzo sikujua injini yake iliwahi kubeba magari gani. Siku nilipojua nililipenda gari moja ambalo sijawahi kulitia machoni, na sidhani kama nitaliona hadi nakufa. Linaitwa Railton.

Kwanza nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini gari la watu wa Uingereza la miaka ya 1930 linanikosesha usingizi. Mimi ni fundi bodi. Mtu ananunua Canter au Fuso, analeta kwangu kichwa na chesisi tupu, nami naivika sanduku la kubebea samaki. Fremu ni skwea paipu, sakafu ni mbao za mninga, katikati ya kuta kuna povu gumu jeupe, nje bati la aluminiamu lililofungwa kwa ribiti, zile pini za kubania mabati, ndani faiba ili maji ya barafu yasipenye. Sangara akipakiwa soko la samaki la Mwaloni jioni anatakiwa afike Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, akiwa bado mgumu na jicho lake linang'aa. Sanduku likiwa na tundu la upana wa kiberiti tu mahali, barafu inayeyuka kabla ya Singida na mwenye mali analia. Kwa hiyo ninahesabu ribiti, na sioni haya kusema kwamba ninazihesabu moja moja.

Mjomba ndiye aliyenifundisha. Alinichukua nikiwa na miaka kumi na saba, baada ya mama yangu, dada yake, kumwomba asiniache nizurure Kirumba. Yeye alianza na mabodi ya mbao ya mabasi, akaja kwenye chuma, na mpaka mwisho alikuwa akikunja bati kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Alikuwa na sikio. Akipita nyuma yangu nikiwa nagonga alijua kwa mlio tu kama bati limechoka.

Mwaka huo wa 1993 tuliitwa upande wa Magu, kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, zile tunazoziita jineri, kilichokuwa kinauza vyuma chakavu. Tulifuata engo na paipu. Lakini nyuma, kule mteremko unakoshukia ziwani, kulikuwa na kibanda cha pampu ya maji kilichoota majani hadi dirishani. Mjomba akaingia, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniita kwa jina langu la utotoni, jambo ambalo hakulifanya kazini.

Ilikuwa injini ya gari, imefungwa kwa boliti kwenye zege, na zamani ilikuwa ikizungusha pampu kwa mkanda. Sijawahi kuona injini ya gari ndefu namna ile. Ilijinyoosha kama kamongo aliyewekwa juu ya jiwe. Mjomba akaweka kidole kwenye plagi ya kwanza, akahesabu kwa Kisukuma, akafika nane, zote mstari mmoja. Akarudia kuhesabu kutoka upande wa pili. Alipokwangua uchafu kwenye kibati kidogo ubavuni, jina lililosomeka lilikuwa Hudson.

Wanunuzi wa chuma walikuwa wameshafika na nyundo zao nzito. Mjomba alijaribu kuwasihi wamuuzie nzima, lakini fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya engo, na hata hiyo ni ya mteja. Tukasimama pale tukitazama bloku likipasuliwa. Chuma cha kalibu kikipasuka kinatoa sauti kavu, kama chungu. Walipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mjomba akainama akaomba konrodi moja, akapewa bure. Tulirudi Mwanza nyuma ya lori, yeye amekaa juu ya paipu, konrodi iko mapajani, anaizungusha.

Nikamuuliza habari ya kijiko. Hakunijibu mpaka tulipopita Kisesa. Akasema: "Nimeitazama ile krenki. Haina matundu ya oili. Hakuna njia ndani yake. Basi hiki kinachota. Kila ikishuka inachota kidogo, kama mama yako anavyochota maji ziwani kwa kata." Halafu akaongeza kwamba aliyeitengeneza hakuwa mtu wa haraka.

Mjomba alifariki mwaka 2009. Konrodi ilibaki msumarini.

Mwaka 2012 mpwa wangu alikuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo. Alikuwa anasoma uhandisi na alikuwa na simu nzuri. Akaipiga picha konrodi, akakaa usiku kucha na intaneti, asubuhi akaja macho mekundu. "Mjomba," akaniambia (sasa mjomba ni mimi), "babu alipatia."

Alipatia kabisa. Kampuni ya Hudson ya Detroit, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1909, ilishikilia upakaji oili wa namna hiyo wakati watengenezaji wengine wameshahamia kwenye oili inayosukumwa kwa nguvu ndani ya krenki. Chini ya kila konrodi, ndani ya sampu, kuna kihori chake. Pampu ndogo kazi yake ni kuvijaza vihori. Konrodi ikishuka, kijiko kinapiga oili, nyingine inapanda ndani ya beringi, nyingine inaruka na kulowesha kuta za silinda. Na beringi zenyewe hazikuwa za vipande vya kununua dukani kama siku hizi: ni chuma laini cheupe kilichoyeyushwa na kumiminwa ndani ya konrodi yenyewe, kisha kikachongwa kwa mkono hadi kiikumbatie krenki. Klachi yao nayo ilikuwa na vipande vya koki, vile vya kuzibia chupa, vikifanya kazi ndani ya oili. Ndiyo maana watu waliozoea gari hizo wanasema gari lilikuwa linaondoka kwa ulaini, bila kushtuka, kama mtumbwi unaosukumwa na mkono kutoka mchangani.

Hapo mpwa akanionyesha picha ya pili. "Injini hii," akasema, "Waingereza waliivisha bodi yao."

Nilichokiona kwanza ni boneti. Ndefu, nyembamba, imenyooka kuelekea rejeta iliyosimama wima, na pembezoni mwake, mstari kwa mstari, ribiti. Ribiti zinazoonekana, hazikufichwa kwa puti wala rangi. Aliyezipiga alipima nafasi kati ya moja na nyingine, akaiheshimu nafasi hiyo kuanzia mbele hadi kwenye kioo. Mimi nilikuwa na miaka karibu ishirini ya kupiga ribiti kwenye masanduku ya samaki, na ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu amezifanya kuwa pambo la gari la kifahari.

Gari hilo ndilo Railton, na habari yake ni hii. Noel Macklin, Mwingereza mtengenezaji wa magari, alikuwa na karakana nyumbani kwake, mahali panapoitwa Fairmile, Cobham, katika jimbo la Surrey. Kabla ya Railton alitengeneza gari la Invicta, lenye injini ya Kiingereza ya Meadows ya lita nne na nusu. Lilikuwa gari la maana. Mwaka 1931 Donald Healey alishinda nalo mashindano ya Monte Carlo. Shemeji yake Macklin, Violette Cordery, aliendesha Invicta kuzunguka dunia mwaka 1927, akapita Ulaya, Afrika, India, Australia na Amerika, wakati ambapo wanawake wengi hata usukani hawakuwahi kuushika. Nampenda sana dada huyu na siku nyingine nitamwandikia habari yake peke yake. Hata hivyo Invicta ilikuwa ghali, nyakati zilikuwa mbaya baada ya uchumi wa dunia kuanguka, na kazi ikazimika.

Macklin akatazama upande wa pili wa bahari. Mwaka 1932 Hudson walikuwa wameanza kuuza gari dogo la bei nafuu liitwalo Terraplane, na mwaka uliofuata wakalitia silinda nane. Fikiria: injini ya lita nne kwenye gari jepesi, imetengenezwa kwa wingi, imeshajaribiwa, bei yake ni ndogo kuliko ya injini za Kiingereza zilizotengenezwa moja moja kwa mkono. Macklin akachukua chesisi ya Terraplane pamoja na injini yake, akaishusha chini, akaitia shokapu za msuguano, akaivika bodi ya Kiingereza, na juu yake akaweka ile boneti yenye ribiti aliyoitumia kwenye Invicta. Ikaanza kuuzwa mwaka 1933.

Jina aliliazima kwa Reid Railton, mhandisi wa pale kwenye kiwanja cha mashindano cha Brooklands. Huyo ndiye aliyechora gari la Blue Bird ambalo Malcolm Campbell alivuka nalo maili 300 kwa saa mwaka 1935 kwenye chumvi ya Bonneville, kule Utah. Ndiye pia aliyechora gari la John Cobb lililofika wastani wa maili 394 kwa saa mwaka 1947, yaani zaidi ya kilomita 630. Mhandisi wa namna hiyo akikupa jina lake, wateja wanakuja. Alilipwa kiasi fulani kwa kila gari lililouzwa.

Kuanzia mwaka 1935 wakaacha Terraplane, wakachukua Hudson yenyewe, lita 4.2. Mpwa alinifanyia hesabu ya silinda nikiwa nimeshika konrodi mkononi: upana wa silinda inchi 3, mwendo wa pistoni inchi 4 na nusu, mara nane. Nikaenda kutafuta rula.

Hesabu hiyo ya upana wa silinda ina kisa chake, na ndiyo inayoeleza kwa nini Waingereza wenyewe hawakuwa na injini kama ile. Kodi yao ya gari ilitozwa kwa "farasi", lakini farasi hao hawakupimwa kwa nguvu ya kweli ya injini. Walikokotolewa: chukua upana wa silinda kwa inchi, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa idadi ya silinda, ugawe kwa 2.5. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuguswa kabisa. Sasa kama wewe ni mtengenezaji utafanya nini? Utatengeneza silinda nyembamba na ndefu ili mteja wako alipe kidogo. Na ndivyo walivyofanya, miaka na miaka: injini nyembamba, pistoni zinakimbia safari ndefu juu na chini, zinapiga kelele, nguvu haba. Kwa Hudson ya silinda nane hesabu inatoa farasi 28.8. Kila farasi alitozwa pauni 1 kwa mwaka, na mwaka 1935 ikapunguzwa hadi shilingi 15. Wakati huo nguvu yake ya kweli ilikuwa zaidi ya farasi 100.

Sisi tunaoishi kwa magari ya kuagiza tunalielewa jambo hili vizuri. Ushuru wetu nao unatazama cc, na kila siku naona mtu anachagua injini ndogo kwa ajili ya karatasi, halafu anaipandisha mzigo wa tani tatu. Sheria ya kodi inaingia mpaka ndani ya silinda. Aliyenunua Railton aliamua kulipa kodi ile ili apate kitu ambacho kodi yenyewe ilikuwa imekizuia kuzaliwa kwao.

Alipata nini? Gia tatu tu, lakini karibu kazi yote ilifanywa na gia ya tatu. Unatembea polepole sokoni ukiwa gia ya tatu, unakanyaga, gari linaondoka bila kubadili kitu. Wenye kuyaendesha wanasifu mlimani. Najaribu kulifikiria likipanda Isamilo, pale kwenye mawe makubwa, ambapo Hiace iliyojaa inaomba gia ya kwanza na utingo anashuka kutafuta jiwe la kuwekea nyuma ya tairi. Railton nyepesi ya mwaka 1935, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio na ambayo zilitoka chache mno, ilipimwa ikitoka kusimama hadi maili 60 kwa saa kwa sekunde 8.8. Kwa wakati ule magari ya barabarani yaliyoweza hivyo yalikuwa haba sana.

Breki nazo zina jambo la kufundisha. Mwaka 1936 Hudson walitia breki za maji, lakini hawakuziamini peke yake. Pedali ile ile, maji yakipotea na mguu ukazidi kushuka, inavuta kamba za breki za nyuma. Mimi nimewahi kushuka mlima wa Bugando na Canter iliyopasuka paipu ya breki, mteja kakaa pembeni yangu, nikaishia kuikwaruza kwenye ukingo wa mtaro hadi ikasimama. Mtu aliyepitia hayo akisoma habari ya kamba ile anajua kwamba aliyeibuni alikuwa na hofu ya kweli moyoni, na aliitumia vizuri.

Bodi zilitengenezwa na mafundi wa nje ya karakana ya Macklin, majina kama Ranalah, Coachcraft, Carbodies. Walifanya kama tulivyofanya sisi zamani: mifupa ya mbao, ya mti wao uitwao ash, juu yake bati. Mti huo wanausifu kwamba unapinda bila kukatika. Sisi tulikuwa tunatumia mninga na mvule. Mvule haupindi lakini mchwa hawaugusi, kila nchi na mti wake. Ninachotaka kusema ni kwamba chesisi ilifika kutoka ng'ambo ikiwa uchi, na fundi wa Kiingereza akaivika. Kazi yangu mimi hiyo hiyo. Yeye alipokea Hudson, mimi napokea Fuso.

Na hapo ndipo panaponiuma. Magari haya, Railton na wenzake, walipewa jina baya na Waingereza wenyewe: wanaharamu. Walikuwapo wenzake kadhaa: Brough Superior ya yule George Brough wa pikipiki, iliyotumia Hudson pia, Jensen na Allard zilizotumia Ford ya silinda nane, Lammas iliyotumia injini ya Graham, Atalanta iliyofikia kutia Lincoln ya silinda kumi na mbili. Wote wakawekwa kapu moja, eti si Waingereza na si Wamarekani, hawana baba. Mpaka leo, mpwa ananiambia, wako wanaojua magari ya zamani ambao hupita mbele ya Railton bila kugeuka kwa sababu moyo wake si wa nyumbani.

Nimewahi kuambiwa maneno ya jamaa hiyo. Kuna mteja mmoja, miaka ya nyuma, nilimfanyia sanduku la tani nne kwa wiki saba. Siku ya kuchukua, watu walikuwa wanalisifu gari, akasema mbele ya vijana wangu: "Gari ni la Mjapani, huyu kaweka sanduku tu." Alinilipa, sina deni naye. Lakini usiku ule sikula. Injini ya Mjapani ni nzuri, namshukuru. Ila ile injini haijui kuhifadhi samaki. Haijui kwamba barabara ya Shinyanga ina matuta, na kwamba kona ya nyuma ya kulia ndiyo itakayochanika kwanza kwa sababu dereva hupanda kingo kwa upande huo. Mimi najua, na nimetia engo ya ziada pale. Gari linalofika Dar na sangara mgumu ni la nani?

Macklin aliyajua yote mawili. Injini hakuijenga, na hakudanganya kwamba aliijenga. Lakini alijua urefu wa springi unaolifanya gari lishike kona, alijua mteja wake anataka kukaa vipi, na alijua kwamba boneti ni uso. Magari aliyoyatoa kwa miaka sita au saba ni elfu moja na mia kadhaa tu. Ndiyo maana yamekuwa adimu.

Mwaka 1939 aliwauzia Hudson wa Uingereza biashara ya gari, na sehemu inayofuata ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, kwa kuwa mimi ni mtu wa ziwani. Vita vilikuwa vinakuja na jeshi la majini la Uingereza lilihitaji boti ndogo nyingi za kuwinda nyambizi. Macklin akawaza kwa akili ya mtu wa bodi: kwa nini boti ijengwe mahali pamoja? Mbao za mbavu zikatwe kwa kipimo kimoja na mafundi wa samani na wa piano mitaani, vipande vikusanywe, kisha vipelekwe kwenye viwanda vidogo vya boti vikaunganishwe. Akaziita Fairmile, jina la pale nyumbani kwake. Boti ya aina ya Fairmile B ilikuwa na urefu wa futi 112, na zilijengwa zaidi ya 600. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1944 kwa kazi hiyo, akafariki mwaka 1946.

Na injini za boti hizo? Hall-Scott, petroli, silinda kumi na mbili, mbili kwa kila boti, kutoka California. Reid Railton mwenyewe alikuwa amehamia California mwaka 1939 na kufanya kazi na Hall-Scott. Nilipolisoma hili nilicheka kwa furaha peke yangu karakanani. Watu wawili, gari limekwisha, na bado wako pamoja wakivika mwili wa Kiingereza juu ya moyo wa Kimarekani, safari hii majini.

Mwanza hatushangazwi na chombo kinachokuja vipande vipande. MV Victoria, ambayo vizazi viwili vya familia yangu vimepanda kwenda Bukoba, ilijengwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikafunguliwa, ikaletwa kwa meli na reli hadi Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Mjomba alipokuwa kijana aliisikia honi yake mara ya kwanza akiwa anavua furu kwa ndoano kwenye mawe. Hakuna mtu hapa aliyewahi kusema kwamba Victoria si meli yetu.

Tangu mpwa anionyeshe ile picha nimetaka kupiga boneti kama ile. Sikupata gari la kuiwekea. Fuso haina boneti. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja wa Ukerewe, mwenye mtumbwi mkubwa wa mizigo. Ametoa injini ya Isuzu kwenye lori lililopinduka, anaitia kwenye mtumbwi, anataka kifuniko kitakachokinga mvua na mawimbi, kinachofunguka pande zote mbili ili fundi afike kwenye chujio bila kulala kifudifudi. Alitaka bati jeusi na kitasa, basi.

Nikamwambia, baba, niachie nikutengenezee cha aluminiamu, bei ile ile. Nimekichora chenye bawaba ndefu katikati, mabawa mawili yanayokunjuka, na vipenyo vya hewa kila upande. Aluminiamu haishiki kutu haraka kwenye maji, na ribiti zinaziba kingo bila kuchomelea. Mzee alikuja juzi kuangalia. Akazunguka, akapitisha kiganja juu ya mstari wa ribiti za upande wa kulia, polepole, akafika mwisho akarudi. Akauliza kwa nini nimezipanga karibu karibu hivi, kwani si zingetosha nusu yake. Nikaishusha konrodi msumarini nikampa aishike, nikaanza kumweleza habari ya kijiko.

Upande wa kulia una ribiti 146. Nafasi kati ya moja na nyingine ni sentimita mbili kamili, nimepima kwa kipande cha mbao nilichokichonga kwa ajili hiyo. Kesho alfajiri, kabla jua halijapasha bati, naanza upande wa kushoto.